Bakteria wa Mama Mkwe

Hebu mchore kichwani mwako akiingia. Saa mbili kasoro robo asubuhi, nyasi za uwanja wa chuo bado zina umande, na mwanamume wa makamo anakatiza kutoka jengo la upande huu kwenda jengo la upande ule, mikono kaibana mbavuni kama aliyefungwa kamba. Miguu hainyanyuki, inateleza. Akiitwa hageuki. Kwapa la kulia lina chupa, kwapa la kushoto lina chupa, na usoni ana ile staha ya mtu aliyebeba mtoto mchanga aliyepata usingizi kwa taabu. Mlinzi anasimama wima, anamuuliza kwa sauti ya chini:

"Hawajambo?"

"Hawajambo. Usiwaamshe."

Ndani ya chupa hizo wamo amiba, wale wadudu wasioonekana kwa macho ambao wakikuingia tumboni hukuondolea hamu ya kukaa mbali na choo. Kabati la joto la maabara liliungua waya, likapelekwa kwa fundi, na mpaka lirudi wadudu wamepewa hifadhi kwenye jengo la jirani. Kila asubuhi lazima waletwe darubini iwakague, na ubaridi hawauwezi. Kwapa la binadamu, ukilipima, joto lake linakaribia lile la kabati. Basi mambo ndiyo hayo.

Jina lake hakuna anayelitumia. Kazini anaitwa Mfugaji, nyumbani nako likamfuata.

Maabara ile ina shughuli moja tu. Watu wanaleta majani, magome, mizizi, maganda. Vitu hivyo vinakaushwa, vinatwangwa, vinalowekwa kwenye spiriti, spiriti inavukizwa, na kinachobaki, kitope cheusi kinachonuka kama soli ya kiatu kilicholoana, kinajaribiwa kama kinaua vimelea na bakteria. Profesa, mama mmoja mfupi mwenye miwani mikubwa, huwaelezea wageni hivi: mti hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kujikuna, kwa hiyo kila anayekuja kuutafuna, awe kiwavi, ukungu au mnyoo, unamtengenezea sumu yake papo hapo uliposimama. "Sisi tunapiga hodi tu," husema Profesa, "tunaomba kuazima."

Sasa, ili ujue kama sumu inaua, lazima uwe na wa kuuawa. Na wa kuuawa lazima awe na afya njema, maana ukimtilia sumu bakteria aliyekwisha kufa kwa njaa, utasifia hata maji ya bomba. Hapo ndipo alipo Mfugaji. Jengo zima linalipwa mshahara kuua. Yeye peke yake analipwa kuhuisha. Anawapikia jeli wanayokula, anawahamisha sahani, anawafunika, anawafunua. Mwaka wa kumi na nane sasa hajawahi kwenda likizo siku tatu mfululizo, kwa sababu nani atawalisha? Na kila Alhamisi, baada ya kuwalea wiki nzima mpaka wanang'aa, anawakabidhi wauawe, kisha anaosha vyombo.

"Inakuumaga?" Fundi Darubini alimuuliza siku moja. Huyu Fundi Darubini ndiye anayesoma majibu na kuyaandika daftarini, kijana mwenye mdomo usio na kufuli.

"Wewe ukila kuku unalia?"

"Mimi kuku simwimbii."

Kweli, huwa anaimba. Si kwa sauti.

Nyumbani palikuwa na mtu mmoja ambaye kazi hii haikumwingia akilini hata kidogo, naye ni mama mkwe wake. Mama huyu alihamia kwao baada ya kufiwa, akapewa chumba cha upande wa jikoni, na tangu siku ya kwanza akawa anaelezea wageni: "Wanaume wa wenzetu wanafuga ng'ombe. Wanafuga mbuzi. Hata bata. Mwanangu mimi kaolewa na mfuga vijidudu." Mgeni akicheka, anamkatiza: "Usicheke. Anavipikia uji. Mimi mwenyewe sijawahi kupikiwa uji na mwanamume."

Mfugaji humjibu, "Ni kweli, Mama," na kuendelea kula. Alimpenda mkwe wake. Alimwogopa pia, na kwake yeye hayo mawili hayakuwa mbalimbali.

Ndipo likaja la mguu. Mama mkwe alikatwa na kipande cha bati kando ya mfereji, juu ya kifundo. Kidogo tu. Wiki ya kwanza akasema kitakauka. Mwezi wa kwanza akasema kinakauka. Mwezi wa tatu kidonda kilikuwa na upana wa kiganja cha mtoto, kinatoa maji ya rangi ambayo mtu hapendi kuitaja, na vidole vya mguu vimejaa kama ndizi zilizoiva. Kila asubuhi anatwanga majani ya mmea wake mmoja, mmea unaotambaa chini, wenye utomvu mweupe, anayajua yeye peke yake yanakoota, anayabandika na kufunga kitambaa. Jirani yao muuguzi alikuja, akachungulia, akamvuta mke wa Mfugaji kando: "Dada, hiki kikifika kwenye mfupa, huo mguu utakatwa. Na hakiko mbali."

Mke wa Mfugaji alilia, akabembeleza, akanuna siku mbili. Mama mkwe aliendelea kutwanga majani yake. Siku ya tatu, mezani, mbele ya wote, akaweka kijiko chini.

"Haya. Nyinyi si mna nyumba ya kupimia majani? Kapimeni jani langu. Likishinda, mninyamazie mpaka naingia kaburini. Likishindwa, nitakwenda hospitali yenu na nitameza vidonge vyote watakavyonipa, hata viwe na ukubwa wa sabuni."

"Mama, kweli?" mke akauliza.

"Nimewahi kusema uongo nikiwa nimeshiba? Lakini nina sharti." Akamgeukia Mfugaji. "Sitaki vile vijidudu vyako vya serikali. Sivijui, havinijui. Upime kwa vya kwangu. Vya kidonda hiki hiki."

Hapo Mfugaji alitakiwa kusema kwamba mambo ya maabara hayaendi hivyo. Tatizo ni kwamba mambo ya maabara yanakwenda hivyo hivyo. Profesa mwenyewe siku zote hupendelea bakteria waliotoka kwa mgonjwa. Basi kesho yake akaja na kijiti chenye pamba, mkewe akashika taa, Mfugaji akapitisha ile pamba kwenye kidonda kwa adabu kama anayefuta vumbi kwenye picha ya ukoo, akaifunga ndani ya kichupa. Mama mkwe hakupepesa jicho. Mfugaji alipomaliza, mama alimwambia, "Uvitunze. Ni vya nyumbani hivyo."

Na yeye akavitunza! Nakwambia, katika miaka kumi na minane hakuna bakteria waliolelewa kama wale. Kabati lilikuwa limesharudi kutoka kwa fundi. Wengine waliwekwa rafu ya chini, hawa wakapewa rafu ya juu, katikati, pasipo na upepo wa mlango. Kwenye sahani hakuandika namba kama kawaida. Kalamu iligoma, ikaandika MKWE. Akifungua kabati alikuwa anakohoa kwanza. Jioni akirudi nyumbani, mama mkwe anamuuliza toka chumbani kwake, "Wameamkaje?" Naye anajibu, "Wameamka salama, Mama, wanakusalimu," na wala haikuwa dhihaka, maana wangeweza kusalimu wangesalimu.

Jani nalo lilikuwa tayari: limekaushwa, limetwangwa, limelowekwa, limevukizwa. Profesa alikuwa safarini kwenye mkutano, akasema endeleeni, mnajua utaratibu.

Utaratibu ni huu. Unachota bakteria, unawachanganya kwenye maji ya chumvi ndani ya kichupa mpaka maji yaingie ukungu kiasi fulani maalumu. Si zaidi, si pungufu. Kuna kichupa cha mfano na kuna kadi yenye mistari myeusi: ukikiweka kichupa chako mbele ya kadi, mistari ionekane kupitia ukungu sawasawa na inavyoonekana kupitia kile cha mfano. Kisha unawapaka kwenye jeli, juu yake unaweka vipande vitatu vya karatasi ya mviringo: kimoja kimelowa dawa ya jani, kimoja kimelowa maji matupu, kimoja kina dawa inayojulikana ya hospitali. Kesho yake unatazama. Dawa ikiwa na nguvu, pembeni ya karatasi unakuta duara tupu, safi, bakteria wamekimbiwa na roho. Unapima duara kwa rula, unaandika milimita, basi.

Siku ile Fundi Darubini alikuwa amekaa juu ya meza anakula karanga, jambo ambalo limekatazwa kwa maandishi mekundu ukutani.

"Mfugaji, leo mkwe yuko mezani kwako. Usije ukampunja."

"Wewe niache nifanye kazi."

"Nakuangalia. Ukimpimia kiduchu nampigia simu mama mwenyewe. Namwambia, Mama, mkweo huyu kakuwekea kijiko kimoja kama mgonjwa."

Mfugaji akacheka. Akachota. Sasa nikuulize wewe, na ujibu kwa ukweli wako: umewahi kumpakulia mkweo chakula ukasimamia kwenye kipimo? Mkono wa mtu aliyelelewa vizuri unajua wenyewe. Sahani ya mkwe inajazwa, inashindiliwa, inaongezwa kidogo juu ili isionekane kwamba ulikuwa unahesabu. Mkono wa Mfugaji ulichota mara moja, ukachota mara ya pili, ukasita, ukaona haya, ukachota mara ya tatu. Maji ya chumvi yakawa meupe kama maziwa. Kadi ya mistari ilikuwa pale pale, kaisukuma pembeni kwa kiwiko apate nafasi. Akapaka, akaweka karatasi zake tatu, akafunga kabati taratibu.

Kesho yake Fundi Darubini aliitoa sahani, akapiga mluzi.

"Baba! Hebu njoo uone."

Jeli yote ilikuwa imefunikwa zulia zito la rangi ya siagi. Karatasi ya maji matupu, hakuna kitu, kama inavyotakiwa. Karatasi ya jani, hakuna kitu: bakteria wamekwenda mpaka ukingoni, wamekaribia kupanda juu yake. Na karatasi ya dawa ya hospitali, ambayo siku zote hutoa duara la milimita ishirini na mbili, ilikuwa na milimita kumi na mbili za kujikongoja.

"Hata dawa ya hospitali wanaikunjia uso," Fundi Darubini akasema huku anaandika. "Bakteria wa mkweo wana kiburi kama mwenyewe. Jani, sifuri. Pole."

Mfugaji aliinama juu ya sahani. Akafurahi, akaona aibu kufurahi, akafurahi tena. Mguu umepona, alijisemea, maana alijua mkwewe hali matapishi yake.

Na kweli. Jioni ile alimweleza. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, "Vilikuwa vya kwangu?" Akajibiwa ndiyo, Mama, vya kwako. Mama mkwe akafungua kile kitambaa, akayabandua majani, akayatupa nje ya dirisha bila kuyatazama.

"Nileteeni viatu. Kimoja, basi. Huu mwingine hauingii."

Hospitali walimlaza siku nne, wakamsafisha kidonda, wakamchoma sindano, wakampa vidonge vya wiki tatu. Daktari wa wodi akamwambia binti yake asimame imara: dozi hii ikikatizwa njiani, vijidudu vitakavyobaki ni vile vigumu, vitarudi na safari hiyo hatakuwa na la kufanya ila kukata. Mama mkwe akameza. Alikunja uso, alitukana ukoo wa aliyegundua vidonge, lakini alimeza kila kimoja kwa wakati wake, kwa sababu alitoa neno mezani.

Wiki ya pili mguu ulianza kuingia kwenye kiatu.

Wiki hiyo hiyo Profesa alirudi. Akafungua daftari, akapitisha kidole, kidole kikasimama.

"Kumi na mbili? Dawa ya hospitali imetoa kumi na mbili?"

"Walikuwa wakaidi, Profesa," akasema Fundi Darubini.

"Wakaidi wangekuwa wakaidi kwa mgonjwa pia. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anapona," Mfugaji akasema, na aliposema hivyo akagundua kitu kabla hajaulizwa.

Alikwenda kwenye friji, akatoa kichupa cha siku ile. Vichupa vyote huwekwa mwezi mzima kabla ya kuchemshwa na kumwagwa. Akakitikisa, akakiweka mbele ya kadi. Hakuona mstari. Akakisogeza dirishani. Hakuona mstari. Akaweka kidole chake mwenyewe nyuma ya kichupa, kidole hakikuonekana.

"Mfugaji," Profesa akamwita kwa upole mlangoni, "ulipaka ngapi?"

"Nilimjazia, Profesa."

"Ulimjazia nani?"

"Mkwe." Akatazama sakafu. "Mkono ulijaza wenyewe."

Fundi Darubini akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka, akajifanya anakohoa. Profesa alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kupanguswa.

"Ukiwarundika namna hiyo, hakuna jani duniani litakalowaweza," akasema. "Ni kama kumpiganisha mtu mmoja na uwanja mzima wa mpira, halafu useme hajui ngumi. Rudia."

Akarudia. Safari hii alifanya kama anapima dhahabu. Kadi mbele, kichupa cha mfano pembeni, mistari sawa kwa sawa. Hakuimba. Kesho yake wote watatu waliinama juu ya sahani moja, vichwa vinagusana. Dawa ya hospitali: ishirini na mbili. Maji matupu: sifuri. Na pembeni ya karatasi ya jani la mama mkwe, duara safi kama limechongwa. Fundi Darubini alipima mara tatu.

"Kumi na saba."

"Rudia tena," akasema Profesa. Wakarudia. Kumi na saba. Wakalijaribu kwa amiba, wale wa kwapani. Amiba wakajikunja kama karatasi motoni, na kufika alasiri hakuna aliyekuwa anatikisika.

Profesa alikaa kwenye kiti. Miaka mingapi anakaa kwenye kiti hicho, na majani mangapi yamepita, na ni mangapi yamewahi kupiga bakteria na amiba kwa pamoja?

"Hii haimaanishi linaponya kidonda," akasema polepole, kama anajionya mwenyewe. "Kwenye sahani na kwenye mguu ni vitu viwili. Alilibandika miezi mitatu, kidonda kikaendelea kula. Huenda kilichomo hakifiki ndani. Huenda kinaua na nyama pia. Hatujui. Lakini kuna kitu humo, na nataka kukitoa nikione. Nahitaji gunia moja la majani mabichi. Linatoka wapi?"

"Anajua yeye."

"Nani?"

"Mkwe. Hajawahi kumwonyesha mtu. Juzi nimemsikia akisema kwa majira haya mmea umeanza kutoa maua."

"Basi mwombe. Lakini upesi. Umesema ulimsikia akisema mmea umeanza kutoa maua?"

"Ndiyo."

"Ukishachanua, nguvu yote inaweza kwenda kwenye mbegu, tukabaki na majani matupu. Tuna wiki moja, Mfugaji. Baada ya hapo ni mwakani, kama tutakuwepo, na kama mmea utakuwepo."

Akaenda nyumbani mapema. Njiani alikuwa anasogeza midomo, anajaribu maneno. Mama, tunaomba majani yako. Naye atauliza: ya nini, nalo lilishindwa? Hapo maneno yanaisha, anaanza upya kutoka kwenye kona. Na vidonge, alikuwa anajua bila kuuliza, vimebaki vya siku tisa.

Unaweza kusema: si amweleze tu ukweli wote, na amwombe amalize dozi? Wewe humjui mama huyu. Alisema likishinda mninyamazie, na neno lake huwa halina mlango wa nyuma. Kama lilimwingiza hospitali, litamtoa. Angefunga vile vidonge kwenye mfuko, akavirudisha kwa jirani muuguzi kwa heshima zote, na kufika jioni majani yangekuwa juu ya mguu.

Alimkuta kwenye benchi nje ya mlango wa jikoni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Kidonda kilikuwa na ngozi mpya pembeni, nyororo, katikati bado pana wekundu. Mkononi ana kikombe cha maji na kidonge cha mchana.

"Leo umewahi. Vijidudu vyako vimekufukuza?"

"Hapana, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Mama mkwe akakizungusha kidonge kwenye kiganja chake, akakitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeanza kumzoea.

"Nataka nikwambie kitu, na usimwambie mkeo. Mimi kazi yako nilikuwa naiona ya kipuuzi. Mtu mzima anapikia uji kitu kisichoonekana. Lakini siku ile uliponiambia jani langu limeshindwa, nilikuamini. Unajua kwa nini? Niliona ulivyovichukua vile vijidudu kwenye mguu wangu. Hukufanya haraka, hukuziba pua. Nikasema, huyu hata kwa kitu kidogo hivi hawezi kunifanyia ujanja. Ndiyo maana nilikwenda."

Mfugaji akainama, akaukalisha mguu wake vizuri juu ya kigoda.

"Ila kuna jambo moja linanikaa hapa," mama mkwe akagusa kifua. "Lile jani alinionyesha mama yangu, na yeye kaonyeshwa na mama yake. Watu watatu wote tuwe wajinga? Haya mambo ya sahani mimi siyajui, wewe ndiye unayajua. Nitazame usoni, mwanangu. Halikuua hata kimoja?"

Kidonge kiko kiganjani. Maji yako kwenye kikombe. Mahali fulani ambapo mwanamke huyu peke yake anapajua, mmea unafungua maua yake. Na Mfugaji, ambaye maisha yake yote amelisha na kuua bila kudanganya upande wowote, anasubiriwa ajibu. Ungekuwa wewe uliyekaa kwenye benchi lile, ungemwambia nini?